Rola haihesabu tani

Najua niliahidi kwamba makala ya leo ingekuwa sehemu ya pili ya yale mambo ya hifadhidata, na kuna mmoja wenu aliyeniandikia barua pepe kuniuliza kama nimehama nchi. La hasha! Bado niko Nairobi, bado nakaa Baba Dogo, na bado stima hupotea kabla sijahifadhi kazi. Leo naomba ruhusa tutoke kwenye kodi kidogo twende kwenye chuma. Mwishoni tutarudi kwenye kodi, tena kwa aibu, kwa sababu aliyekosea katika hadithi hii ni mimi.

Kwa wasioijua Baba Dogo: unashika Outer Ring Road, unaingia upande wa Ruaraka, na pua yako itakwambia umefika. Kuna harufu ya peremende, ya plastiki, ya rangi, na ya chuma kinachokatwa. Viwanda na magodauni yamepangana na nyumba za kupanga. Lucky Summer ni jirani, Korogocho ni jirani. Asubuhi kabla ya saa moja utaona vijana wamesimama kwenye mageti wakingoja kuchaguliwa kwa kibarua cha siku. Nami nimelelewa na kelele hizo, na mjomba wangu, kaka yake mama, amezila zaidi yangu. Miaka mingi alifanya kazi katika karakana moja ya kukunja mabati hapa hapa mtaani. Jina la karakana nitaliweka kando. Kazi yake ilikuwa moja: kutunza rola.

Nikiwa mdogo sikuelewa ni kazi gani hiyo. Rola ni chuma, bati ni chuma, na rola ni nene kama paja la mtu mzima huku bati likiwa jembamba kama kadi ya mwaliko. Sasa kitu chembamba vile kinawezaje kula kitu kinene? Mjomba alicheka akaniambia, "Kijana, maji pia ni laini, na mawe ya mtoni umeyaona."

Mwaka 2021, mwaka mmoja baada ya kumaliza digrii yangu ya sayansi ya kompyuta, mwenye karakana aliniita. Alitaka programu ya kumwambia ni lini rola zitolewe zikasagwe upya, maana kila mara mashine inaposimamishwa, pesa zinasimama. Nilifurahi sana. Kazi ya kwanza ya kulipwa, na tena nyumbani! Niliangalia data iliyokuwepo. Kila koili ya chuma huja na lebo yenye uzito wake kwa kilo. Nikajumlisha kilo, nikapanga kikomo cha tani 400, nikaweka taa ya kijani, ya njano na nyekundu kwenye skrini. Ilipendeza kweli. Mjomba aliitazama akauliza swali moja tu: "Na geji umeiweka wapi?" Nikamjibu kwamba uzito unatosha. Ndivyo nilivyomjibu mzee aliyekuwa na uzoefu kunizidi umri.

Kabla sijawaambia kilichotokea, nataka tujue rola zimetoka wapi na kwa nini zinaliwa. Nimesoma mambo haya usiku mwingi tangu siku ile, na kumbe ni historia tamu.

Wazo lenyewe la kupitisha metali kati ya magogo mawili yanayozunguka ni la kale. Leonardo da Vinci alichora mashine ya namna hiyo kule Italia mwishoni mwa karne ya 15. Lakini siku hizo ilikuwa kwa metali laini kama risasi na bati lile la kulehemia. Chuma kilikuja baadaye. Mwishoni mwa karne ya 17, huko Pontypool, Wales, Major John Hanbury alikuwa anapitisha chuma kwenye rola kupata karatasi nyembamba, mahali pa kuzipigapiga kwa nyundo. Karatasi hizo zilipakwa bati zikawa kile tunachokiona leo kwenye makopo. Tatizo la uso wa rola lilizaliwa siku hiyo hiyo. Nyundo ikiwa na kovu, kovu linaonekana pale ilipogonga tu. Rola ikiwa na kovu, inalichapa kila inapozunguka, tena na tena, hadi mwisho wa karatasi. Rola ni kama mhuri wa ofisi: chochote kilicho usoni mwake kitakuwa kwenye kila barua.

Mafundi wa zamani walitafuta uso mgumu. Njia yao ilikuwa ya werevu. Walimwaga chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu ya chuma badala ya kalibu ya mchanga. Sehemu ya nje ikigusa kalibu hupoa ghafla na kuwa nyeupe na ngumu mno, huku moyo wa rola ukipoa polepole na kubaki na uwezo wa kuvumilia bila kupasuka. Gumu nje, vumilivu ndani. Lakini ugumu huo ni wa tabaka la juu tu. Kila rola inaposagwa tabaka linapungua, na likiisha, rola ni skrepa. Kwa hiyo kila rola huzaliwa na idadi fulani ya kusagwa, na ukiisaga mapema mno unatupa pesa, ukichelewa unaharibu bidhaa. Hilo ndilo swali ambalo mwenye karakana aliniuliza mwaka 2021, na watu walikuwa wanaliuliza Wales miaka mingi kabla ya reli kufika kwetu.

Tukija kwetu, mabati yenyewe yana wazazi wawili. Mwaka 1829 huko Uingereza, Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari za London, alipata hataza ya karatasi za chuma zenye mikunjo. Mikunjo ile huipa karatasi nyembamba nguvu ya kubeba uzito. Mwaka 1837, Stanislas Sorel wa Ufaransa akapata hataza ya kuzamisha chuma kwenye zinki ili kisishikwe na kutu. Unganisha hayo mawili na unapata paa la Afrika Mashariki. Reli ya Uganda ilipofika hapa mwaka 1899 na Nairobi ikaanza kama kambi, majengo mengi ya mwanzo yalikuwa ya mbao na mabati yaliyokuja kwa meli. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, wanawake wa mkoa wa Kati waliunda vikundi vya kuchanga fedha ili kila mmoja kwa zamu yake aezekewe nyumba. Vikaitwa vikundi vya mabati. Nyanya yangu bado anazungumzia siku nyasi zilipotolewa juu ya nyumba yake kama wengine wanavyozungumzia siku ya harusi.

Viwanda vya kwetu navyo vilifuata. Familia ya Chandaria walioanza na sufuria za aluminiamu za Kaluworks huko Mombasa waliingia kwenye mabati, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mabati Rolling Mills ikaanzishwa Mariakani. Dar es Salaam kulikuwa na Aluminium Africa, ambayo wengi wanaijua kama ALAF, tangu 1960. Baada ya Azimio la Arusha ilikwenda chini ya umma, na miaka ya 1990 ikarudi mikononi mwa watu binafsi. Uganda ikapata Uganda Baati mwaka 1964. Ukipita Mariakani leo kwenye barabara ya Mombasa, kazi kubwa ya rola inafanyika pale: koili za chuma kilichofyonyolewa moto nje ya nchi zinashushwa bandarini, zinaoshwa kwa asidi kuondoa magamba, halafu zinabanwa zikiwa baridi hadi unene wa bati, kisha zinapakwa. Sisi wa Baba Dogo tunapokea koili zilizokwisha pakwa, tunazikunja tu. Wao wanabana, sisi tunakunja. Lakini ugonjwa wa rola ni wa ukoo mmoja.

Haya, tuingie ndani ya ugonjwa wenyewe. Chukua karatasi ya chuma yenye unene wa milimita 2. Ibane hadi ibaki robo ya milimita. Chuma hakipotei, kwa hiyo kila mita 1 iliyoingia inatoka ikiwa mita 8, maana upana haubadiliki sana. Kazi hiyo hufanywa kwa hatua kadhaa, lakini katika kila hatua karatasi inaingia polepole na kutoka kwa kasi. Rola yenyewe ina mwendo mmoja. Upande wa kuingilia, rola inaitangulia karatasi. Upande wa kutokea, karatasi inaitangulia rola. Kuna mstari mmoja tu katikati ambapo miendo miwili inalingana. Kwingine kote kuna kuteleza, na kuteleza chini ya mzigo mkubwa ni kusugua. Ongeza vumbi la chuma lenyewe ambalo huogelea ndani ya mafuta na maji ya kupozea, nalo linakuwa kama msasa.

Kwenye kukunja mabati hatubani, lakini kuteleza kupo pale pale. Rola zetu zina vilima na mabonde ili kutengeneza mikunjo. Rola ikizunguka mara moja, kilele cha kilima husafiri mbali kuliko shimo la bonde, kwa sababu mzingo wake ni mkubwa. Bati lenyewe lina mwendo mmoja. Kwa hiyo lazima sehemu fulani iteleze. Hapo ndipo rola inapoliwa, na ndipo zinki ya bati inapobanduka na kung'ang'ania kwenye rola kama ugali kwenye sufuria. Zinki ile ikishika, inakwaruza bati linalofuata, na bati lililokwaruzwa huanza kuota kutu pale kwenye mkwaruzo. Mwenye nyumba hatajua leo. Atajua mvua za miaka michache ijayo.

Dawa ya kwanza ya kuteleza ni mafuta, na hapa kuna jambo lililonifurahisha. Mafuta yaliyosifiwa sana katika viwanda vya chuma cha makopo yalikuwa mawese! Ndiyo, haya haya mafuta ya michikichi tunayoyajua kutoka Kigoma na Kongo. Kule Wales walikuwa wakiyatumia katika kupaka bati, na karne ya 20 ilipoleta mashine za kubana chuma kikiwa baridi huko Marekani, mawese yakawa mafuta ya kulainishia, kwa sababu yanashika uso wa chuma hata chini ya mzigo ambao mafuta mengine yanakimbia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajapani walipoteka mashamba ya michikichi ya kusini mashariki mwa Asia, mawese yakawa bidhaa ya kugawiwa kwa kipimo huko Marekani. Kwa hiyo ukimwona mama Kigoma anakamua mawese, jua anashika kitu ambacho kiliwahi kuamua kama makopo ya jeshi yatapatikana au hayatapatikana.

Dawa ya pili ni kubadilisha mpangilio wa rola. Rola nyembamba hubana kwa nguvu ndogo kuliko rola nene, maana inagusa eneo dogo. Lakini rola nyembamba hupinda. Ufumbuzi ukawa kuweka rola nyembamba za kazi katikati na kuziegemeza kwa rola nene juu na chini. Katika miaka ya 1920 na 1930 mpangilio huo wa rola nne ulienea Marekani pamoja na mashine za kufyatua karatasi ndefu bila kukatiza, kazi iliyoanzishwa na John Butler Tytus huko Ashland, Kentucky. Mpolandi mmoja, Tadeusz Sendzimir, aliyezaliwa 1894 huko Lwów, akaenda mbali zaidi: mashine zake zina rola 20, mbili ndogo ndogo za kazi zikiegemezwa na nyingine 18. Na huyo huyo Sendzimir ndiye aliyetengeneza njia ya kupaka zinki kwenye koili inayokwenda bila kusimama. Sasa kumbuka gharama iliyojificha. Rola ikiwa ndogo, huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila mita ya karatasi. Kila nukta usoni mwake inaguswa mara nyingi zaidi. Wanaprogramu mtanielewa: umepunguza gharama ya kila mzunguko lakini umeongeza idadi ya mizunguko.

Dawa ya tatu ni uso wenyewe. Rola za kazi za kubana chuma kikiwa baridi zikaja kuwa za chuma cha pua kilichofuliwa, chenye kromi asilimia mbili hivi, na baadaye asilimia tatu hadi tano. Halafu wakaanza kuzipaka kromi kwa umeme, tabaka la mikroni chache tu. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wako una mikroni 70 hivi. Tabaka jembamba namna ile huongeza maisha ya rola mara kadhaa. Lakini kila kizuri kina kasoro. Kromi ya aina inayotumika katika mabirika ya kupakia husababisha saratani kwa wafanyakazi wanaovuta mvuke wake. Umoja wa Ulaya uliweka Septemba 2017 kuwa mwisho wa kuitumia bila kibali maalumu, na watafiti bado wanatafuta mbadala. Karakana ndogo za dunia hii hazikuwekewa tarehe na mtu.

Lakini wakati wote huo, nani alikuwa anajua rola imelika kiasi gani? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: fundi. Mahesabu yalichelewa. Theodore von Kármán, Mhangaria aliyejulikana zaidi kwa mambo ya ndege, aliandika hesabu ya nguvu ndani ya rola mwaka 1925. Mhangaria mwingine, Egon Orowan, akaiboresha mwaka 1943 akiwa Uingereza. Hao walieleza nguvu, hawakueleza kulika. Mwaka 1953, Mwingereza J. F. Archard akatoa kanuni fupi ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuielewa: kiasi cha chuma kinachoondoka kinalingana na mzigo, mara umbali uliosuguliwa, gawanya kwa ugumu wa uso. Halafu kuna namba moja ya kuzidishia ambayo huwezi kuitoa kichwani. Lazima uipime kwa mashine yako, mafuta yako na chuma chako.

Mwaka 1966 Peter Jost aliwapelekea serikali ya Uingereza ripoti akisema nchi ingeweza kuokoa pauni milioni 515 kwa mwaka kama ingejua mambo ya msuguano na kulika vizuri zaidi. Ndipo elimu hii ikapata jina lake la Kigiriki lenye maana ya kusugua, traibolojia. Yaani watu walisafiri kwa treni, wakajenga manowari, wakarusha ndege, na elimu ya vitu kusuguana ilikuwa bado haina jina!

Soma tena kanuni ya Archard. Mzigo. Umbali. Ugumu. Umeona neno "uzito" mahali popote? Mimi pia sikuliona, nilipoisoma. Ila niliisoma nikiwa nimechelewa.

Turudi Baba Dogo. Tani moja ya bati lenye upana wa mita 1 na unene wa milimita 0.4 ina urefu wa mita 318 hivi. Tani moja ya bati la upana huo huo lenye milimita 0.2 ina mita 637. Uzito ni ule ule, umbali ni mara mbili. Nilipoandika programu, karakana ilikuwa inakunja zaidi geji 28, yale mabati mazito. Miezi michache baadaye maisha yakapanda bei, wateja wakahamia geji 32. Tani zangu 400 ambazo zilikuwa kilomita 127 zikageuka kilomita 255. Kama rola zingekuwa gari, safari ya kwanza haifiki Nakuru, ya pili inakaribia Kericho. Na skrini yangu ilikuwa inaonyesha kijani, kijani, kijani.

Mjomba aliona. Alisema rola zitolewe. Mwenye karakana akaangalia skrini, akasema bado tani 150. Mjomba akasema tena wiki iliyofuata. Akaonyeshwa skrini tena. Kisha mabati yakaanza kurudishwa, shehena ya kwanza, ya pili, ya tatu, yote yana mistari mirefu iliyokwaruza rangi na zinki. Mtu fulani alipaswa kulipa, na kompyuta haina mshahara wa kukatwa. Mjomba alikatwa wa siku kumi, kwa kosa la kutotunza rola.

Nilipopata habari nilikwenda kwa mwenye karakana nikamweleza kwamba kosa ni langu, si la mzee. Nilimchorea hesabu kwenye karatasi. Alinisikiliza kwa heshima halafu akaniambia nirekebishe programu, lakini ya mshahara ni mambo ya ofisi. Nilirekebisha usiku ule ule. Mistari sita tu ya kodi! Chukua kilo, gawanya kwa upana, kwa unene na kwa uzito wa chuma, unapata mita. Nilipolipwa salio langu nilimpelekea mjomba pesa za siku kumi. Alizihesabu mbele yangu, akaniambia zimepungua mia mbili. Nikaongeza.

Ndipo alipotoa daftari. Ni daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, limefungwa kwa raba ya tairi. Kila ukurasa una tarehe, geji, idadi ya mabati na urefu wake, na safu ya mwisho ameandika neno moja: "laini", "inaanza", "inauma". Nilimuuliza inauma ni nini. Akaniambia anapitisha ukucha juu ya rola kwa upande, halafu ncha ya kidole. Ukucha ukikwama kidogo, inaanza. Kidole kikisita, inauma. Nilidhani ni mambo ya wazee, hadi niliposoma kwamba mwaka 2013 watafiti wa chuo cha KTH, Stockholm, waligundua kuwa ncha ya kidole cha binadamu inaweza kutofautisha uso laini na uso wenye mikunjo ya kimo cha nanomita 13. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya sabini ya mikroni. Kifaa cha kupima ukwaruzo wa rola kingemgharimu mwenye karakana pesa nyingi. Alikuwa nacho tayari, na alikikata mshahara.

Kuna jambo jingine daftari lilinifundisha ambalo hata programu iliyorekebishwa haikuwa nalo. Mzee alikuwa anaandika upana pia, na alipanga kazi kuanzia mabati mapana kwenda membamba, kamwe si kinyume, mpaka rola zitoke kusagwa. Sababu ni kwamba ukingo wa bati hula rola zaidi, unaacha mfereji mdogo pale unapopita. Ukikunja jembamba kwanza, mfereji huo utaangukia katikati ya bati pana linalofuata na kulichora. Mashine kubwa za chuma moto duniani zina ratiba ya namna hiyo. Huanza na karatasi chache za wastani kupasha rola joto, zinapanda upesi hadi pana zaidi, kisha zinashuka taratibu hadi nyembamba. Ukichora umbo lake linafanana na jeneza, na wahandisi wanaiita hivyo hivyo, ratiba ya jeneza. Mjomba hakuwahi kuisikia. Nilipomwambia jina lake alinyamaza kidogo akasema, "Jina baya. Lakini kazi ni hiyo."

Mzee alistaafu mwaka 2023. Karakana bado ipo, na programu yangu bado inatumika, sasa ikiwa na mita, geji, upana na ugumu wa chuma, maana mabati mengi membamba huachwa na ugumu wote walioupata kwenye rola bila kulainishwa kwa moto. Ile namba ya Archard ambayo haitoki kichwani, niliitoa kwenye daftari. Kurasa 211 nimeziandika moja moja kwenye kompyuta, nikafananisha mita na yale maneno matatu, na kikomo kilichopatikana ndicho kinachowasha taa nyekundu leo. Nimeongeza pia kitufe kimoja ambacho wasimamizi hawakukiomba: fundi wa rola akikibonyeza, taa inakuwa nyekundu bila kujali hesabu inasema nini, na jina la aliyepuuza linaandikwa.

Zile siku kumi ofisi haijazirudisha hadi leo. Kila nikimkumbusha mjomba ananiambia niachane nazo. Sijaachana nazo.

Kama una mzazi au jirani aliyefanya kazi kwenye rola, iwe Mariakani, Dar, Jinja au hapa hapa Ruaraka, muulize alikuwa anajuaje kwamba rola imechoka, halafu niandikie. Nakusanya. Na ile sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja, nawaahidi, stima ikiruhusu.

Tuonane tena.